Lengalenga Zangu na Misafu ya Mama

Siku ile ya kamba ninaikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyompoteza mama yangu mara ya pili.

Kamba yenyewe ilikuwa ya nailoni, ya bluu, zile wanazofungia mbuzi. Kijana mmoja alishika ncha kule barabarani, mwenzake akaivuta mpaka mwisho wa parsele yangu, kiwanja hiki cha nyumba, na Amuri, shefu wa avenyu yetu, mkubwa wa mtaa, akatembea kando yake mikono nyuma kama mtu anayekagua shule. Kamba ilipita kwenye mashina ya ile miti minne ya misafu. Jiko langu likabaki huku. Kaburi la mama likabaki kule. Amuri akasema, "Hii njo mpaka. Imeisha." Jirani yangu Musafiri alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa na jembe mkononi, hata sijui nilikuwa nalifanyia nini, nikalilaza chini polepole kama mtu anayelaza mtoto.

Juzi ulinijia wewe na mume wako, mmeingia katika nyumba ya kona hata mwaka haujatimia, ukaniuliza, "Mama Zaina, huku nyuma ya nyumba tupande nini kwanza, mboga ao mti?" Ulitaka jibu fupi, nikakujibu kwamba nitafikiri. Mwanangu, nilikuwa najua jibu. Lakini nikilisema kwa mdomo ninaanza kulia, na kilio cha mtu mzima kinawachosha watu upesi, nimeona. Kwa hiyo nimeomba daftari la mjukuu wa jirani nikaandika. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri tu. Herufi zikipinda, zinyooshe mwenyewe.

Nianze nyuma.

Katika miaka ile ya vita tulikuwa watatu katika parsele hii: mama, mimi, na Zaina wangu aliyekuwa hajatimiza miaka miwili. Baba yake Zaina alikuwa ameenda Kalima kuchimba, tukasikia habari zake mara moja, kisha kimya. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya Lualaba, upande wa Alunguli, muhogo umekomaa ardhini, na hatukuweza kuufikia. Mjini walikuwa askari. Porini walikuwa wengine wenye bunduki. Mwanamke aliyevuka na pirogi kwenda kuchimba muhogo wake mwenyewe, wale wa huku walimwuliza anawapelekea nini wale wa kule, na wale wa kule walimwuliza vilevile. Wengine walirudi mikono mitupu. Mama Asina, rafiki yangu, hakurudi. Sisi tulifungiwa hapa mjini Kindu kama kuku chini ya kapu, na kila mtu akaanza kulima pale alipokuwa anatupa maji machafu.

Mama yangu alikuwa mtu wa Tunda, huko Kibombo. Kabla barabara haijafungwa alikwenda kwao kuzika kaka yake, akarudi kwa miguu, na katika kifundo cha kitenge alikuwa na mbegu sita za safu zimefungwa katika jani bichi la mgomba. Wewe umezoea kula safu, yale matunda ya zambarau, lakini labda hujui mbegu yake. Mbegu ya safu haingoji. Ukiiacha ikauke siku chache imekufa. Mama alikuwa analowesha lile jani kila penye kijito, njia nzima, na miguu yake imevimba. Nne zikaota. Akazipanda karibu na jiko, chini ya kivuli cha migomba, maana safu ikiwa changa haipendi jua kali. Akaniambia, "Zikipata nguvu tutazihamisha, tuzipange kwenye mpaka wetu na Musafiri. Ule ni mti usiomwaga majani. Masika na kiangazi utaonekana."

Sikumsikiliza sana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na njaa.

Mpaka wetu na Musafiri ulikuwa ua wa miti mikavu, baba aliuchomeka mwenyewe. Sasa fikiri, mwanangu, watu wamefungiwa mjini, kuni hazitafutwi porini. Ule ua tuliuchoma. Mimi nilichomoa kutoka huku, mke wa Musafiri akachomoa kutoka kule, tukawa tunataniana. "Mama Zaina, leo unapika kwa mlango wangu." "Na wewe jana umepika kwa dirisha langu." Tulicheka. Mpaka ukaisha kwa kuchemsha maji, na hakuna aliyeweka hata jiwe.

Udongo mzuri katika parsele yetu ulikuwa pale karibu na jiko tu, pale tulipomwaga majivu na pale walipolala mbuzi wetu kabla askari hawajawala. Upande wa Musafiri, hatua kama sita hivi mpaka kwenye ua wa zamani, ni changarawe. Basi asubuhi moja mama amelala na homa, Zaina analia ile sauti ya mtoto aliyechoka kulia, nikaingia chini ya migomba. Nikakata migomba miwili ili jua liingie. Nikang'oa misafu yote minne. Nikatupa pembeni. Nikachimbua, nikapasua madongo kwa mikono, nikachanganya mbegu za lengalenga, huo mchicha wetu, na mchanga mkavu ili zisianguke pamoja, nikazimwaga, nikafagia juu kwa tawi.

Musafiri alikuwa anaangalia. Akaja akaokota ile miche.

"Mama Zaina, hii unatupa?"

"Chukua, Baba Saidi. Wewe utakula safu uzeeni, sisi tunataka kula Jumatano ijayo."

Akacheka. "Basi nikupandie hapahapa kwako, pembeni ya tuta lako. Kule kwenye changarawe jembe haliingii."

Nikamwambia panda popote. Akaipanda mstari mmoja, pale udongo mzuri unapoishia na changarawe inapoanzia. Hatua sita ndani ya parsele yetu. Nilimpa na maji ya kumwagia.

Mama alipoweza kutoka nje alisimama mlangoni muda mrefu. Lengalenga ilikuwa imeota, nyekundu nyekundu, fupi kama manyoya ya kifaranga. Akauliza misafu yake iko wapi. Nikamwonyesha. Akauliza nani ameipanda pale. Nikamwambia. Akaketi kwenye kizingiti.

"Mwamini," akaniita kwa jina langu, na hakuwa ananiita hivyo tangu nizae, "siku moja watauliza hapa ni pa nani. Nani atajibu? Hii mboga?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia safu zake zitazaa sisi tumeshakufa, na mtoto analia leo. Mama akarudi kitandani. Ni heri angenipiga.

Lakini nisiidhulumu lengalenga, maana ilitulisha. Wiki tatu tu, nikakata ya kwanza. Nilikuwa nakata juu kidogo, naacha shina lenye vifundo viwili, inachipua tena. Asubuhi maji, jioni maji. Nilipika kwa mawese tone moja na bila chumvi, maana chumvi ilikuwa imepotea Kindu kama dhahabu. Mama alikula, akasema, "Inakosa chumvi," kama vile chumvi ilikuwa dukani na mimi ni mvivu tu. Zaina akarudisha mashavu. Askari nao walikuwa wanakuja kuikata, wanang'oa na mizizi, hawajui kukata. Nikapanda tena. Ile ndiyo sifa ya mboga, mwanangu: ukiibiwa leo, mwezi ujao unayo nyingine. Na ubaya wake ndio huohuo. Inakuja upesi, inakwisha upesi, na ikishakwisha hakuna alama kwamba ulikuwepo.

Mama alikufa kabla mvua hazijaisha. Homa ileile. Siku ile risasi zilikuwa zinalia upande wa makaburi, hakuna aliyethubutu kumbeba kwenda huko. Amuri, alikuwa kijana bado, hajawa shefu, lakini alikuwa amesoma chuo cha Kurani, akasema tumzike hapahapa nyumbani, Mungu anajua sababu. Akaniuliza wapi.

Hapa ndipo ninapokwama kila mara ninapoisimulia.

Udongo laini ulikuwa kwenye tuta la lengalenga. Musafiri alisema, "Hapa tutachimba kwa saa moja." Mimi nikamwangalia Zaina, nikaangalia lile tuta, majani yamejaa, ya kukatwa kesho. Nikasema hapana, mumzike kule kwenye changarawe, nyuma ya misafu. Nilimnyima mama yangu udongo laini kwa ajili ya mboga. Musafiri yuleyule aliyesema jembe haliingii alichukua sululu akachimba tangu asubuhi mpaka adhuhuri, viganja vikatoka damu, na sikumsikia akinung'unika. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Amuri akasimama kichwani pa kaburi, mgongo kwa misafu, uso kwa ule upande ua ulipokuwa, akasoma fatiha na dua ndefu. Alikuwa na sauti nzuri. Tulikuwa watu tisa. Wengi wao leo wako chini ya ardhi.

Baadaye nyumba zilianza kuporwa usiku na mchana, nikambeba Zaina mgongoni nikaenda Kalima kumtafuta baba yake. Nilimkuta. Alikuwa na mke mwingine na mtoto, akanikaribisha kiti kama anavyokaribishwa mgeni wa kanisa. Sikukaa. Nilibaki Kalima miaka mingi peke yangu na mtoto, nalima lengalenga bondeni, nawauzia wachimbaji, wanakula wakiwa na matope ya madini mpaka kwenye nyusi. Popote nilipofika nilipanda lengalenga. Sikupanda mti hata mmoja. Kila mwaka nilisema mwakani narudi.

Niliporudi, misafu ilikuwa imepita paa la nyumba. Mitatu inazaa, mmoja dume, hauzai kitu. Kaburi la mama lilikuwa safi. Musafiri alikuwa analifyeka, nalo hilo nalisema. Na kila msimu alinitumia bakuli la safu. Saidi mwanawe analeta, "Baba anasema mule." Mimi napokea kwa mikono miwili, nasema asante kwa sauti ili majirani wasikie kwamba nina adabu. Nazilaza kwenye maji moto mpaka zilainike, natia chumvi, nakula na muhogo, peke yangu, maana Zaina alikuwa ameshaolewa Punia. Nilikula safu za mbegu za mama yangu, mti umesimama katika ardhi ya baba yangu, na nikamshukuru mtu mwingine. Miaka kumi na moja.

Hapa kwetu, mwanangu, unajua lakini nikukumbushe: aliyepanda mti ndiye mwenye pale uliposimama. Mpangaji anaruhusiwa mboga, haruhusiwi mti. Ndiyo maana mwenye nyumba akikuona unachimba shimo la mparachichi anakuja mbio, lakini ukimwaga mbegu za lengalenga anapita anakusalimia. Mimi nilikuwa naijua desturi hiyo tangu utotoni. Niliidhani ni ya watu wasiojuana.

Mwaka jana Musafiri alizeeka kwa ghafula, miguu ikakataa, wanawe wakataka kuuza parsele. Akaja mfanyabiashara wa madini, anataka kujenga nyumba ya wageni na kuizungushia ukuta. Anauliza mpaka uko wapi. Tukaitwa kwa Amuri, viti vimepangwa chini ya paa lake la mabati, wazee watatu, mimi mwanamke peke yangu. Zaina alipiga simu asubuhi ile, mtandao unakatika, akasema, "Mama, wawachie, uje Punia." Nikamwambia bibi yako haendi Punia.

Amuri aliuliza, "Ile miti, nani alipanda?"

Musafiri akajibu, "Mimi. Yeye mwenyewe alikuwa anaona. Alinipa na maji."

"Ni kweli, Mama Zaina?"

Nikasema ni kweli, lakini mbegu zilitoka Tunda, mama alizileta.

"Mimi nauliza mikono iliyopanda."

"Mikono ni yake."

"Na matunda, nani anakula?"

Saidi akajibu mbele ya baba yake. "Sisi. Yeye tunamupatiaka bakuli. Anasemaka aksanti." Wazee wakatikisa kichwa kukubali. Mke wa Musafiri alikwisha kufa, yule niliyechoma naye ua. Nadhani yeye angecheka, na angesema kweli.

"Na weye," Amuri akanigeukia, "kwa ile miaka yote ulipanda nini?"

"Lengalenga."

Mzee mmoja, jina lake Kibwana, akauliza, "Lengalenga ya mwaka gani, mama?" Wakacheka wote. Si kicheko cha ubaya, ni kile cha watu wanaotaka kumaliza waende kula. Mimi niliisikia sauti ya mama kizingitini.

Nikasema kaburi la mama yangu liko kule, nani anazika mama yake kwa jirani? Amuri akasema, "Katika vita watu walizikwa popote." Akasema bila kunitazama. Nikangoja amalizie, kwamba alikuwepo, kwamba alisimama kichwani pake. Akaagiza kamba.

Nimeona kwa macho yangu Saidi akipeleka vikapu viwili vya safu nyumbani kwa Amuri kila msimu. Vikapu, si bakuli. Wala sisemi zaidi ya nilichoona.

Sasa kuna ukuta. Umeuona, ule mrefu wenye chupa zilizovunjwa juu yake. Nasikia vijiko vya wageni wakila. Sijui wameweka nini juu ya mama. Niligonga lango, mlinzi akaniambia, "Mama, huku hakuna kaburi, kuna changarawe tu." Misafu mitatu wameikata. Wamebakiza mmoja kwa ajili ya kivuli cha magari, na kwa bahati ni ule unaozaa sana. Kichwa chake kinaonekana juu ya ukuta, kijani hata sasa kiangazini. Jioni naketi jikoni nikiutazama. Nikipika lengalenga fungu moja linanizidi, nalala na sufuria ina mboga nusu. Wakati mwingine nasema neno, nauliza kama inakosa chumvi.

Msimu uliopita safu chache ziliangukia upande wangu. Sikuzila. Siku ileile nilizipanda mbegu zake, kabla hazijakauka, na nilikuita wewe ushike kopo la maji, hukujua kwa nini. Sababu ni hii. Nilitaka mtu mwenye umri mrefu mbele yake awe ameona mikono yangu.

Sasa jibu la swali lako. Panda vyote viwili, lakini mti uutangulize, hata kwa siku moja. Uweke kwenye mpaka wenyewe, si pale penye udongo laini, na kama ni changarawe chukua sululu. Ukiwa ni msafu, panda mitatu ao minne, maana huwezi kujua dume ni upi. Siku ya kupanda ita majirani wa pande zote, wapikie, kila mmoja atie konzi ya udongo, na shefu awepo, na vijana wawepo kuliko wazee. Kisha mwaga lengalenga yako katikati, ule, uwape watoto, wala usione aibu kuipenda. Jirani akikuomba kupanda mti kwako kwa wema, mshukuru, umwambie utaupanda mwenyewe. Ukiletewa tunda la mti wa kwenu, usiseme asante kabla hujasema mti ni wa nani. Na mama yako akiketi kizingitini akakuuliza jambo, usimjibu kwa njaa.

Mungu akuzeeshe katika hiyo nyumba ya kona. Akupe watoto watakaolalamika chumvi. Miti yako isimwage majani, na atakayeuliza ni ya nani ajibiwe na watu wengi kwa mara moja.

Daftari hili ukilimaliza, lipeleke kwa Amuri, umsomee kwa sauti, nyumba yake unaijua. Musafiri nitaonana naye kwa Mungu, miguu yake imeshatangulia. Lakini Amuri yu mzima na anakula safu. Mwulize mbele ya wake zake na wajukuu wake: siku ile ulipomsomea Hawa binti Sumaili, mama yake Mwamini, fatiha, misafu ilikuwa mgongoni mwako, na uso wako ulikuwa unatazama mpaka wa kweli. Ulikuwa umesimama katika parsele ya nani?

Usiondoke mpaka ajibu. Mimi niko jikoni, nangoja.